Plagi za Moto, Plagi za Baridi

Wenzangu tuliokulia Garsen miaka ile ya themanini ikielekea kuisha, mnakumbuka udongo mweusi ulivyokuwa ukitugandia miguuni mpaka mtu hajui mwenzake kavaa soksi au yuko pekupeku? Mnakumbuka maziwa ya akina mama Waorma, yananukia moshi wa kibuyu, na kambale wa nazi kwa wali wa mchele wetu wenyewe? Tulicheza kati, kumlenga wa katikati kwa mpira wa makaratasi, mpaka mama aite mara tatu. Ya nne haikuwa ya kuita, ilikuwa ya fimbo. Mtoto wa leo ukimwita anakujibu "niko bize", naye amelala chali mkekani.

Najua wengine mtacheka, nyanya gani huyu hana hata mvi. Niliozwa mapema, binti yangu akafuata, na leo nina wajukuu watatu ninaowaringia mtaa mzima. Shule niliishia darasa la tano. Lakini kitu kimoja nilijua kukisoma: plagi za gari.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli, ya kubeba maembe na ndizi kutoka Chara. Kila akifungua plagi alikuwa ananiita, "Hawa, njoo unisomee." Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini ni nzima. Nyeupe kama jivu, injini inaungua. Nyeusi na mafuta juu yake, injini inakula oili. Yetu ilikuwa nyeusi kila siku, maana ile gari ilikunywa oili kuliko baba alivyokunywa chai. Ndiyo sababu ilitaka plagi ambazo mafundi waliziita za moto, ncha yake inashika joto na kuunguza ule uchafu. Zipo pia za baridi, za injini nzima inayokimbia. Kwa macho ni mapacha. Hayo ya moto na baridi baba alikuwa hajanifundisha bado.

Plagi zake alizinunua Malindi siku zote. Siku moja zikamharibikia ghafla, akanituma kwa Mzee Barisa, Muorma wa Kiswahili cha kuokoteza, rafiki yake wa damu, aliyekuwa amefungua duka la spea pale Garsen. Akanitia plagi ya zamani mkononi. "Mwambie nataka nne, ndugu zake hii, baba mmoja mama mmoja. Usinunue kwa mdomo, Hawa. Mwonyeshe."

Mimi huyo, nikapitia mtoni. Plagi mbovu inavyofaa kuwa chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, nyinyi wa mtoni mnajua, jiwe halioni ndani. Nikaifunga, nitoe kambale mmoja tu, haraka haraka. Mshipi ukanasa kwenye mizizi. Nikavuta, ukakatika. Plagi ikabaki mtoni Tana.

Dukani Mzee Barisa akaniuliza, "Ya zamani iko wapi?"

"Baba amesema plagi nne tu."

"Wewe taka ya moto ama ya baridi?"

Mimi moto na baridi nilizijua za soda. Kwa jua lile la Garsen, nani mwenye akili anaagiza moto? Tena injini yenyewe inachemka, si ipewe baridi ipoe? "Baridi," nikasema, na shingo nimeinyoosha.

"Kweli? Rudi uliza baba kwanza."

"Baba ndiye amesema."

Akanipa. Jioni baba akauliza, "Ulimwonyesha?" Nikasema, "Ndiyo, baba." Alizifunga bila kuzitazama mara mbili.

Siku chache gari ilikwenda, nami nikajiona fundi. Kisha asubuhi moja tukaletewa habari kutoka Kipini. Nyanya, mamake baba, amefariki alfajiri, na mazishi ni baada ya adhuhuri. Baba alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Yeye ndiye wa kuingia kaburini ampokee mamake kwa mikono yake.

Tuliondoka mapema, baba, mama na mimi. Muda wa kufika ulikuwepo na wa kubaki. Lakini njiani gari ikaanza kukohoa, ikazima. Baba akafungua plagi. Nyeusi tititi, zimelowa oili. Akawasha majani makavu, akazichoma, akazisugua kwa brashi ya waya, akafunga. Tukaenda kidogo, ikazima tena. Akarudia. Mara ya tatu alikuwa anasugua huku anatazama jua. Mama alikuwa analia ndani ya leso yake. Mimi nilikuwa naisoma ile plagi mkononi mwake, naielewa vizuri, si ndugu ya ile iliyobaki mtoni, na nimeufumba mdomo.

Kipini tulikutana na watu wanarudi kutoka makaburini na majembe mabegani. Mmoja akamwambia, "Tulikungoja, kaka. Tukaona si vizuri maiti kukaa." Baba akaenda akaketi kando ya kaburi lile bichi, akaweka kiganja juu ya mchanga, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa.

Tuliporudi Garsen akanishika mkono, moja kwa moja kwa Mzee Barisa. "Umemuuzia mtoto wangu plagi si zake. Alikuonyesha ya zamani, na bado ukampa hizi! Mamangu amezikwa sipo!"

Mzee Barisa akanitazama. Mimi nikatazama ndala zangu.

"Basi," akasema. "Kosa ni yangu."

Hawakunywa chai pamoja tena. Barisa alifunga duka, akahamia Hola, nasikia alifia huko. Baba naye ametangulia. Nilikuwa na miaka mingi ya kusema. Kila nilipotaka, nilijiambia ngoja apone kifua, ngoja mvua iishe, ngoja.

Juzi mjukuu wangu mkubwa alitafuta plagi ya bodaboda. Akaipiga picha kwa simu, akaituma dukani, ikarudi namba yake. Hakutoka hata mkekani, mvivu yule! Akacheka, "Nyanya, nyinyi mlikuwa mnanunuaje?"

Nikamwambia tulikuwa tunatumwa. Sikumwambia zaidi. Ile picha bado imo simuni mwake, mtu yeyote akitaka ukweli ataifungua auone. Baba hakuwa na pa kufungua. Aliniuliza mimi, nikajibu, akaniamini, na ameingia kaburini bado ananiamini.