Soksi na Mlango wa Saba

Jina lake la kwenye kitambulisho hakuna anayelijua. Mtaa mzima unamwita Soksi, na aliyembandika jina hilo ni mkewe, hewani, mchana kweupe.

Jamaa alikuwa anaendesha redio isiyo na kibali kutoka chumbani kwake. Mtambo kaunda mwenyewe, miaka miwili ya kuungua vidole, antena kaifunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Siku hiyo akaweka muziki, akasahau kuzima maiki. Mkewe akaingia: "Baba wee, hizi soksi ni za tangu Jumatatu. Zikianza kutembea zenyewe usiniite."

Kila mwenye redio alisikia. Wiki hiyohiyo mama mkwe akatuma kifurushi: soksi jozi sita, bila hata salamu.

Ungedhani atashika adabu. Thubutu. Ghorofa ya chini kulikuwa na mama fundi cherehani, na matangazo ya Soksi yalikuwa yanaifunika stesheni anayosikiliza akishona. Mama alimsimamisha kwenye ngazi akamwomba kwa upole, mara moja tu; mlango wake hakuujua. Soksi akamjibu kwenye maiki: "Wapenzi wasikilizaji, hapa chini kuna fundi anashona suruali, mguu mmoja unaenda kazini, mwingine uko likizo."

Mtaa ukacheka. Wateja wawili wakaja kuchukua vitambaa vyao. Soksi kuona imekolea, akaifanya kipindi: kila siku saa tisa alasiri, mama fundi tu.

Mama hakutukana. Alipiga simu.

Wakaguzi wawili wa mamlaka ya mawasiliano wakaja na gari la kunasa mawimbi. Likawafikisha kwenye jengo, likaishia hapo. Juu milango kumi na miwili, yote imefungwa.

"Tukikosea mlango akatushtukia, anazima," mkaguzi mmoja akanong'ona. "Ushahidi hatuna."

Mama fundi akamkabidhi redio yake ndogo. "Shika hii, weka sikioni. Mimi nagonga."

Akagonga wa kwanza. Redioni Soksi anaendelea kumponda tu. Wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, hola. Mlango wa saba, ngo ngo ngo ikasikika mara mbili: mlangoni na redioni.

"Subirini kidogo wapenzi, kuna mtu," Soksi akasema. Akainuka. Maiki, kama kawaida yake, kaiacha wazi.

"Nani?"

"Ni mimi, baba. Nimekuletea ule mguu wa likizo."

Mtaa mzima ukasikia kitasa, kisha sauti nzito: "Kaa mbali na huo mtambo." Halafu shhhhhh.

Mtambo ukabebwa, haujarudi. Leo Soksi anatengeneza redio za watu, na meza yake kaiweka mkabala na mlango wa mama fundi makusudi. Kila redio anaijaribu kwa sauti ya mwisho. Mama naye kafunga cherehani mota inayonguruma kama lori. Mwaka wa nne huu, hawajasalimiana.

Haya, na wewe jirani yako mlikorofishana nini mpaka leo? Tiririka hapo chini, na jina lako la utani ulitaje. Mwenzako kashavuliwa soksi.