Newtoni Mia Tano

Nakumbuka sisi watoto wa Izigo tulijipima kwenye mizani ya kahawa. Msimu wa kuuza ukifika, ilining'inizwa kwenye boriti nje ya ghala. Karani akienda kunywa chai tu, tunarukia ndoano kama popo, mdomo umejaa kahawa ya kutafuna, wenzako wanasoma mshale kwa kelele za kusikika mpaka Bukoba mjini. Aliyefika kilo thelathini alitembea kijijini kama mkuu wa wilaya.

Tulipoingia darasa la sita, mwalimu wa sayansi akatuletea habari mpya: kani haipimwi kwa kilo, inapimwa kwa newtoni, na kitu cha kilo moja dunia inakivuta kwa newtoni kama kumi. Darasa likalipuka. Kumbe mimi, msichana mwembamba kama mpini wa jembe, nilikuwa newtoni mia tatu! Kilo tukazitupa siku hiyo hiyo. Kutukanana kukawa, "Toka hapa, newtoni mia wewe!" Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama nimebeba newtoni laki moja za kuni.

Mwalimu aliendelea kueleza jinsi ya kurudi kutoka newtoni kwenda kilo. Sikumsikia. Ilikuwa wakati wa senene, nami nilikuwa nao chini ya dawati, nawanyonyoa mabawa. Kichwani ilibaki ile furaha ya kuzidisha kwa kumi.

Likizo ile Tata, yaani baba yangu, alikuwa anachimbisha kisima nyuma ya kibanja, shamba letu la migomba. Mchimbaji alikuwa kaka yangu Projesti, mwenye mabega ya kubeba mikungu miwili ya ndizi huku akiimba. Tata alinunua kamba kwa mchuuzi wa samaki kutoka visiwa vya ziwani, na kwa siku nne ikavuta ndoo za udongo bila tabu. Siku ya tano shimo likazidi urefu wa ngazi. Ikabidi Projesti mwenyewe ashushwe kwa kamba.

Tata alikuwa mwangalifu. Kwenye kamba kulifungwa kipande cha plastiki chenye maandishi; akakishika, akaniita.

"Mwana wange, wewe ndiye msomi. Mia tano na hii N, ni nini?"

"Newtoni, Tata."

"Ndiyo kilo ngapi?"

Majirani walikuwa wamesimama pale. Sikusita hata kidogo.

"Elfu tano!"

Wakapiga makofi. Projesti akajifunga kiunoni, akanikonyeza. "Basi hata nikila ebitoke, ndizi za Izigo nzima, mwalimu wetu ameniruhusu." Akaning'inia juu ya shimo, akajitikisa makusudi ili nicheke. Nikacheka. Kamba ikalia mara moja, kama kijiti kikavu.

Tulimzika kesho yake kwenye kibanja, hatua chache tu kutoka kwenye udongo alioutoa mwenyewe. Kisima kikafukiwa. Tata akamlaani yule mchuuzi kwa kumuuzia kamba iliyooza, akamlaani mpaka siku anakufa, wala hakuwahi kununua samaki wake tena. Mimi nilimlaani pamoja naye. Jamani, nilimlaani kuliko wote.

Ukubwani, nikiwa nimepanga chumba Rwamishenye, pale Bukoba mjini, nikajiandikisha masomo ya jioni. Nilikuwa mchangamfu wa darasa, kila swali nalijibu kwa mzaha. Jioni moja mwalimu akaandika ubaoni: newtoni mia tano, tafuta kilo. Kijana wa mbele akasema, "Gawanya kwa kumi. Hamsini." Nikaweka kalamu chini. Projesti alikuwa na kilo sabini na kitu. Wenzangu wakadhani naumwa. Mtu wa kumweleza hakuwepo tena. Tata alikuwa ameshalala kando ya mwanawe.

Siku hizi tunawacheka sana watoto wetu. Wangu hata kuni hajui zinavyobebwa, na ukimuuliza saba mara nane anakutazama kama umemuomba figo. "Sijui, mama, ngoja niangalie," anasema, anachomoa simu. Shangazi zake wanasikitika kwamba elimu imekufa. Enzi zetu mtoto mwenye sare hakusema sijui mbele ya watu wazima; ungemwaibisha baba yako. Nami nacheka nao, kwa sababu nimezoea kucheka. Ila mwanangu akisema neno lile, namwachia simu yake aangalie, hata chakula kikipoa.