Siropu ni ya Nani

Muuza dawa ndiye aliyenitia wasiwasi. Nilikuwa nimeingia dukani kwake jioni, natoka mpakani na vumbi langu, nataka vidonge vya kichwa tu. Kabla sijafungua mdomo akainama juu ya meza yake ya kioo akasema polepole:

"Maman, ule mutoto wako sitamuuzisha siropu, hata akuye tena. Kama ni weye njo unamutumaka, ukuye weye mwenyewe."

"Siropu gani?"

"Ya kikohozi. Ile yenye kulalisha. Batoto ba chini ya miaka kumi na munane hatubauzishake."

Nikacheka kidogo, kama mtu anayejua habari hiyo. Sikujua lolote. Sikuwa nimemtuma binti yangu siropu, na nyumbani kwangu, kwa kadiri nilivyojua, hakuna aliyekuwa anakohoa.

Mimi ni mtu wa mpaka. Navuka daraja la Rusizi ya Kwanza kwenda Bukavu karibu kila asubuhi na nyanya na karoti, narudi na vitenge, na kazi hiyo imenifundisha kutomwamini mtu kabla sijamwona anavyotembea. Mwanamke aliyejizungushia vitenge chini ya gauni ili akwepe ushuru hatembei kama mjamzito, hata ajishike kiuno namna gani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na sisi wa darajani tunalijua hilo kuliko wao.

Kwanza nilimshuku muuza dawa mwenyewe. Msichana mdogo, koti lake jeupe bado lina mistari ya pasi. Nani amempa kazi ya kupima miaka ya watoto wetu? Mimi nilikulia Bukavu, na nilitumwa kila kitu: aspirini ya baba, kwinini, dawa ya minyoo, hata chupa ya bia, na hakuna aliyeniuliza nilizaliwa lini. Mtoto aliyetumwa hakuwa na umri, alikuwa na miguu tu. Sasa mtoto anafika mbele ya kioo anaulizwa indangamuntu, kitambulisho ambacho hajafikia hata kupewa, na anarudi mikono mitupu. Niliona ni maringo ya shule. Nilijiuliza pia, na hili lilinichoma zaidi, msichana yule ananiona mimi ni mama wa namna gani.

Lakini nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imehama. Binti yangu, wa miaka kumi na minne, alikuwa jikoni anachambua mchele ambao baba yake hutuletea kutoka Bugarama, anakoshinda wiki nzima kwenye mashine za mpunga. Nikamwambia asimame anipulizie usoni. Akanipulizia. Alinuka karanga.

Nikawaza: na mbona anakula karanga? Karanga huficha harufu.

Ile siropu naijua. Kuna vijana wabeba mizigo kule darajani ambao huinywa kama maji, kisha wanasimama na gunia begani, macho yamelegea, ukiwaita wanageuka upande usiokuwa wako. Nilimtazama binti yangu macho. Yalikuwa safi. Hata usafi ule sikuupenda.

"Unaendaka kufanya nini ku farmasi?"

Akarudi kwenye mchele wake.

"Siropu ni ya nani?"

"Si ya miye, Maman."

"Ni ya nani?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. Mtoto mwongo hutoa jina upesi, hata la jirani. Huyu hakutoa. Kwa hiyo yupo mtu anayemlinda, nikasema moyoni, na mtu anayelindwa na msichana wa umri ule mara nyingi ana sharubu zinazoanza kuota.

Niseme wazi kwamba niliogopa. Niliogopa mwanangu anapotea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na kwamba mtaa mzima utajua kabla yangu. Nilikung'uta mkoba wake wa shule. Nilipekua sanduku la nguo. Kitanda tu ndicho nilichoshindwa kupekua, kwa sababu chumba kile alilala na bibi yake, na bibi hakutoka humo ila kwa sala na kwa jua la asubuhi.

Bibi huyo ni mama mkwe wangu. Alivuka kutoka Bukavu akaja kukaa nasi tangu hali ilipoharibika upande ule. Kwetu sisi, mama mkwe na mke wa mwanawe wana mpaka wao, na mpaka huo hauna daraja. Haniombi maji ya kuoga. Anamwambia mtoto, mtoto ananiambia mimi. Mwili wake si habari yangu. Akiumwa jino nitajua kwa kuona uji umebaki. Mjukuu ndiye mdomo wake, mjukuu ndiye miguu yake. Watu wa mbali hudhani ni chuki. Ni heshima, na siku nyingine ni vyote viwili.

Isitoshe alikuwa ameanza kuwa kiziwi, au ndivyo tulivyosema. Redio yake ndogo ya nyimbo za kwaya aliifungulia sauti yote, asubuhi na jioni, mpaka jirani akauliza kama tumefungua kanisa. Mimi nilivumilia. Mzee haambiwi apunguze redio.

Jumamosi, jirani yuleyule akanipigia mluzi kutoka upande wa pili wa ua. Alikuwa amemwona binti yangu nje ya duka la dawa, anamsihi dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, aingie amnunulie kitu. "Weye, mutoto wako anatafuta nini?" akaniuliza, na sauti yake ilikuwa tamu mno. Lisemwalo lipo. Nilirudi uani nikamkuta binti yangu anaanika nguo, nikamshika mkono.

"Leo utasema! Siropu ni ya nani? Nani anakutumaka? Ni kijana gani?"

Akaanza kulia. Nikapaza sauti, na kule chumbani redio nayo ikapaa, wanakwaya wakaimba kana kwamba wanashindana nami. Nilipiga kelele zaidi. Nilimwambia nitampeleka kwa baba yake, nitamtoa shule, mambo ambayo mama husema akiwa amekosa la kusema. Mtoto alitikisa kichwa tu, machozi yanadondoka kwenye shati bichi alilolikumbatia.

Ndipo redio ikazimwa.

Katika ukimya ule kikatoka kikohozi. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuwa kirefu, kinatoka chini kabisa, kinapumzika kidogo, kinaanza tena. Mlango ukafunguka, na mama mkwe wangu akasimama pale ameushika mwimo, kitenge kimebandikwa mdomoni. Jua la mchana lilimwangukia na nikaona mabega. Sikuwa nimeyaona mabega yale kwa muda mrefu. Alikuwa hakai mbele yangu bila shali.

"Muache mutoto," akasema. "Siropu ni ya miye."

Hakuwa kiziwi hata siku moja.

Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, na husemwa kirahisi na wale wasiokohoa. Nilichukua kitambulisho changu nikashuka dukani kwa hatua za mtu aliyeonewa. Nilitaka niulizwe umri, nikitoe, nikiweke juu ya kioo kile. Msichana hakukitazama hata kidogo. Uso wangu ulimtosha.

"Ni ya nani, Maman?"

"Ya mama mukwe."

"Ana miaka ngapi?"

Sikujua. Kwao hakuna aliyeandika.

"Anakohoa tangu lini?"

Sikujua.

"Anatokaka jasho usiku? Amekonda? Anakulaka?"

Niliangalia chupa zilizo nyuma yake. Ningeweza kumweleza kila mbeba mzigo wa darajani, nani anajikunja kwa uzito na nani anajifanya. Mwanamke anayelala nyuma ya ukuta wangu sikuwa nimemtazama.

"Analalaka na nani?"

Hilo nilikuwa nalijua. "Na binti yangu," nikasema.

Msichana akarudisha chupa rafuni. Akanikatalia, mimi na mvi zangu, kama alivyomkatalia mtoto. "Siropu haitafanya kitu, Maman. Itamulalisha tu, na kifua kitabakia vile. Mubapeleke ku santere ya afya leo. Bote babili, yeye na mutoto."

Zamani ningemshuku anataka kunifukuza. Nilimshukuru, nikapanda kurudi nyumbani karibu nakimbia.

Nilimkuta mama mkwe amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amevaa viatu na kitenge chake cha kanisani. Mfuko wake, ule aliokuja nao kutoka Bukavu, ulikuwa magotini, umefungwa, redio juu yake. Binti yangu amesimama karibu naye, macho mekundu, akinitazama kama mtu anayemtazama afisa wa mpaka.

"Tuende," mama mkwe akasema. "Nimeisha funga."

"Tunaenda wapi, Maman?"

"Si unanirudisha kwetu? Muntu wa kukohoa habakiake mu nyumba yenye batoto. Nilijua, ukisikia tu, utanivukisha. Njo maana nilimuambia mutoto asiseme."

Kumbe siku zote zile nilizokuwa nashuku kila mtu, katika nyumba yangu mimi ndiye niliyekuwa nashukiwa. Iliniuma, na ilinikasirisha, lakini sikuwahi hata mara moja kumwambia: kaa.

Nilimwambia tunakwenda kituo cha afya. "Ndiyo," akajibu, kwa sauti ya mtu anayemjibu polisi, na hakuuachia mfuko. Nikamwambia auache, tutarudi. "Ndiyo," akasema tena, akaukumbatia.

Kilichokuwa kifuani mwake kilijulikana na kilitibiwa, na kifua cha binti yangu kilionekana kizima. Hayo ni ya daktari. Mimi nakumbuka njia. Tulitembea watatu polepole, binti yangu ameushika mkono wa bibi yake, kitenge kiko mdomoni mwa bibi, anakimeza kikohozi kila kilipopanda. Hakutazama nyumba wala watu. Alitazama mbele tu, pale njia inapogawanyika: mkono mmoja unateremka kwenda darajani na wabeba mizigo wake, mwingine unapanda kwenda kituo cha afya.

Tulipofika hapo akasimama. Akanitazama miguu, si uso, kama mimi ninavyowatazama watu kule chini.

Nikageukia njia ya kupanda.

Kisha akampa mjukuu wake mfuko aubebe, akaondoa kitenge mdomoni, akageuza uso kando, na mchana kweupe, mbele yangu na mbele ya wapita njia, akakohoa mpaka akamaliza.