Mawakili Watano wa Kaunti, na Trudy Hakupata Hata Mmoja

Hapa Pellam hakuna anayemwita Trudy Vankirk kwa jina lake. Anaitwa Kuponi, na jina nililisambaza mimi, kwa hiyo msinirushie mawe kabla sijamaliza.

Wakili Haskett hutoa tangazo kwenye gazeti la Alhamisi, lina kipande cha kukata: punguzo la asilimia kumi ukiandika wosia. Trudy akakikata kwa mkasi, vizuri kabisa, akaenda nacho kuuliza kama kinafanya kazi kwenye talaka. Katibu alicheka mpaka machozi. Trudy akanisimulia kwa siri, maana tunakaa kwenye mashine jirani za kupokea malipo pale dukani. Siri nilikaa nayo dakika nne, nikaiposti kwenye kundi la mji. Kesho yake wateja wanampa kuponi za maziwa: "Nipunguzie na mume, dada."

Akacheka nao. Nikadhani yameisha.

Kumbe kilichompeleka kwa wakili ni Josie, binti yake wa miaka sita. Alitaka kumwacha mumewe, Lyle, ila asitoke bila mtoto. Na kwetu mtu haanzishi talaka ngano ikiwa bado shambani, ni kukosa adabu. Kwa hiyo Trudy, na heshima zake zote, akamwambia Lyle mezani: "Mavuno yakiisha natafuta wakili."

"Sawa, mama. Nisogezee chumvi."

Ndani ya wiki mbili zilizofuata, saa ya chakula cha mchana, Lyle alishuka kwenye mashine ya kuvunia, akaingia mjini na vumbi lake, akalipa ada ya nusu saa kwa wakili mmoja na kummwagia mambo yote ya ndani. Siku nyingine, mwingine. Kaunti nzima ina mawakili watano, akawamaliza. Wakili akishasikia siri za mume, hawezi tena kumtetea mke.

Mavuno yakaisha, Trudy akaanza kuzunguka. Haskett hawezi, sababu hasemi. Wa pili hawezi. Kufika kwa wa tano, mzee wa kesi za mipaka ya mashamba, Trudy akamuuliza katibu wake, "Kwani nanuka?"

"Siruhusiwi kusema, mama."

"Kidogo tu."

"Hicho kiti ulichokalia, juzi nilikifuta makapi ya ngano mara mbili."

Trudy akakitazama kiti. Akaelewa.

Aliyebaki ni Bi Ortega, wakili wa mji wa mbali nje ya kaunti, mwendo wa saa tatu. Dola elfu tatu na nusu kabla hajafungua faili, na muda wa barabarani unalipiwa kama kazi. Trudy, ambaye tayari amehamia na Josie kwa binamu yake huko mashambani, akauza pikapu yake amlipe. Nilimsindikiza, nikamtania: "Mnunuzi naye mpe asilimia kumi." Hakucheka.

Mahakamani Lyle alisimamiwa na Haskett. Haskett hakupoteza muda.

"Bi Vankirk, kutoka unapoishi mpaka kituo cha basi la shule ni maili ngapi?"

"Tisa."

"Mtoto utamfikishaje?"

"Nilikuwa na gari."

"Nauliza ya leo."

Bi Ortega alisimama kueleza kwa nini gari limeuzwa. Jaji akasema anaelewa, akaandika: Josie akae na baba mpaka kesi kamili, mama amwone Jumamosi, wiki moja ndiyo, moja hapana.

Jumamosi hizo namwendesha mimi. Mara ya kwanza Lyle alitupokea mlangoni, mstaarabu kabisa, akamwambia Trudy, "Viatu vua hapo nje, tumepiga deki." Nyumba aliyoishi miaka tisa. Akavua. Wiki hiyohiyo ikaja ankara ya Bi Ortega, na saa tatu za kurudi kwake zimo.

Kesi kamili ni Machi. Wewe uliyepitia talaka kwenye mji mdogo: wakili ulimpata wapi, ulimlipaje, na mtoto alibaki na nani? Andika hapo chini. Trudy anasoma kila neno, kwa hiyo utani niachieni mimi.