Kopo la Misumari

Wenzake walimwita Mama Misumari, na jina hilo halikuwahi kumuudhi. Fundi makochi hufanya kazi mikono yote miwili ikiwa imeshikwa na kazi: mmoja unavuta kitambaa, mwingine una nyundo. Misumari itakaa wapi kama si mdomoni? Basi mchana kutwa alikuwa na safu ya misumari midogo kati ya midomo, akiusukuma mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, na wateja walidhani ni mkali kwa sababu aliwajibu kwa kutikisa kichwa. Hakuwa mkali. Alikuwa mwoga.

Uoga wenyewe ulikuwa na umri wa miaka sita, sawa na kaburi la mumewe. Marehemu alikohoa, akakonda, akalala kitandani, akaenda. Shemeji zake walisema ni kifua. Majirani waliangalia chini, namna ile ya watu wanaojua kitu na hawataki kuulizwa. Yeye naye hakuuliza. Tangu hapo kila homa ilimfanya ajiulize: je, ndiyo hii? Kipele kikimtoka shingoni alikigusa mpaka kikawa kidonda. Kituo cha afya kilikuwa mtaa wa pili kutoka karakana, na yeye alizunguka barabara ya nyuma asiuone ukuta wake. Mwanamke huyu alifumua makochi ya watu hadi mbao tupu, akatoa humo vifungo, maganda ya karanga, hata jino la mtoto, kwa kuwa hakuweza kufunika kitambaa kipya juu ya uchafu wa zamani. Lakini damu yake mwenyewe hakuthubutu kuiulizia habari.

Halafu akaja Sponji. Huyu alikuwa dereva wa pikapu iliyosambaza sponji za makochi, zimerundikwa juu kuliko paa la gari, utadhani kitanda kinatembea barabarani. Alikuwa ameachana na mkewe zamani, watoto wake wakubwa, kicheko chake kinaanzia tumboni. Mafundi walisema mzigo wake ni kama maneno yake, mkubwa lakini hauna uzito.

"Mama Misumari, leo umemeza mingapi?" alikuwa akiuliza akishusha mzigo.

Siku moja aliitema yote kiganjani ili apate kumjibu. Karakana nzima ikageuka kutazama. Hata mwenye duka lililotoa vitambaa kwa mkopo hakuwahi kupewa heshima hiyo.

Binti yake, msusi aliyekuwa na saluni upande wa pili wa barabara, hakuhitaji kusimuliwa. Mama aliyekuwa akija kusukwa kwa kubembelezwa sasa alikuja mwenyewe, tena anauliza mtindo upi unampunguzia miaka. Jioni moja binti akaja na kifurushi kilichofungwa kwenye gazeti, akakiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mama, sikuulizi kitu. Ila kama unapenda, penda vizuri."

"Ninyi watoto hamna haya."

"Haya ninayo. Ndiyo maana nimezifunga kwenye gazeti."

Zilikuwa kondomu. Binti akamwambia pia kwamba yeye na mumewe walipima pamoja kabla hata ya posa, kwamba kupenda si kosa na mwili wa mama hauna tarehe ya kufungwa, ila waende kwanza wakapime, wote wawili. Mama akasema ataona. Alipobaki peke yake alikubaliana na uoga wake hivi: mipira ataitumia, ili huyu mwanamume asije akadhurika kwa sababu yake, lakini kupima hatapima. Aliona ni mapatano ya haki.

Ikabaki mahali pa kuzificha zile pakiti. Nyumbani wajukuu walifungua kila kitu. Mkobani, jirani alizoea kuchokora akitafuta pipi. Akakumbuka kopo lake la misumari, pini na sindano zilizopinda. Hakuna mtu pale karakana aliyewahi kutia mkono humo mara mbili. Akazisukumia chini kabisa, akatikisa kopo ili misumari izifunike, akafunga kifuniko na kujipongeza kwa akili.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa Sponji mchana kweupe, kitenge kipya, pakiti moja mkobani. Chumba kilikuwa safi, na kitandani kulikuwa na shuka iliyopigwa pasi. Mwanamume anayepiga pasi shuka, alijisemea, si wa kuchezea. Wakacheka sana, maana miili ya watu wazima ina vigugumizi vyake, na Sponji hakuona aibu kuuliza hili linakupendeza au niache. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alipotoa pakiti Sponji hakununa, alisema tu kwamba mwenzake amejiandaa kuliko yeye. Kwa muda ule mfupi Mama Misumari alisahau kuogopa.

Sponji alipoinuka kwenda kubandika chai, Mama Misumari akauona mpira. Ulikuwa umepasuka, si kidogo, umechanika toka pembeni hadi juu.

Akavaa, akasema amesahau kufunga karakana, akatoka kabla maji hayajachemka. Karakana ilikuwa tupu, naye akamimina kopo lote mezani, misumari ikatawanyika hadi sakafuni. Akainua pakiti moja, akaielekeza dirishani. Mwanga ukapenya kwa tundu dogo. Akainua nyingine. Matundu matatu. Zote zilikuwa zimedungwa, kwa mkono wake mwenyewe uliotikisa kopo.

Aliketi kwenye kochi la mteja lisilo na sponji, mbao zinamchoma, na hapo ukaja uoga mwingine ambao hakuufahamu. Ule wa zamani ulikuwa wa kufa. Huu ulikuwa wa kuua. Na kunyamaza kulikuwa rahisi mno: Sponji hakuuona ule mpira, hakujua habari za marehemu, angekuja tu kesho na utani wake. Lakini binti alishamwambia siku ile ya gazeti kwamba mpira ukipasuka zipo dawa za kuzuia, mradi mtu aziwahi ndani ya siku tatu. Kila saa ya kunyamaza angekuwa amemwibia.

Akarudi. Chai ilikuwa imepoa kwenye vikombe viwili. Akasema yote akiwa amesimama mlangoni, tangu kikohozi cha marehemu mpaka kopo. Sponji hakucheka.

"Miaka sita unatembea na hili peke yako?"

"Naogopa."

"Sasa umenigawia na mimi," akasema, na sauti haikuwa na utani. Kisha akavaa viatu. Kituo kilikuwa kimefungwa Jumapili. Alfajiri ya Jumatatu walikuwa wa kwanza kwenye benchi, wamekaa na nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka. Hakuuliza kwa nini mtu mzima wa umri huo anakuja kwa jambo kama hilo. Kuhusu kopo alitabasamu kidogo, akasema amekwisha kuona kondomu zilizokaa kwenye dashibodi ya gari zikaiva kwa jua. Akawatoboa vidole. Mama Misumari, aliyechomwa na sindano maisha yake yote, alifumba macho.

Majibu walikubali kuyasikia pamoja. Kipimo cha mama hakikuonyesha virusi. Cha Sponji kilionyesha, na nesi akarudia kwa kipimo cha pili, nacho kikasema vilevile.

Alikuwa amesubiri pigo miaka sita, na sasa alitafuta mahali lilipompiga asipaone. Sponji alikuwa ameduwaa, anatazama kidole chake kama cha mtu mwingine. Nesi akaendelea kwa sauti ileile: baba ataanza dawa leo, akizimeza kila siku virusi vitapungua hadi asiweze kumwambukiza mwenzake, na mapenzi hayajafungwa kwa yeyote. Mama naye ataanza vidonge vya kuzuia sasa hivi, mwezi mzima, kisha atarudi kupima tena, kwa sababu kipimo cha leo hakijui habari za jana.

Mama Misumari akameza kidonge cha kwanza mbele ya nesi. Alipogeuka, kiti cha pili kilikuwa kitupu.

Alimkuta nje kando ya pikapu, funguo mkononi.

"Mimi ndiye wa kukimbiwa," Sponji akasema bila kumtazama. "Nenda tu. Sitakulaumu."

Mama Misumari alimwogopa, kweli, na aliogopa mwezi ule unaokuja, kila kidonge chake na ile siku ya kurudi. Akafungua mlango wa upande wa pili, akapanda, akaufunga.

"Dawa zako umechukua?"

Sponji akatikisa kichwa. Hakuwa amechukua.

"Basi turudi ndani," akasema, akashuka tena, na safari hii akamshika mkono mbele za watu.