Cherehani ya Marehemu

Mjane mmoja hushona sare za shule kwa cherehani aliyoachiwa na mumewe. Shemeji yake, kaka wa marehemu, aliitaka. Aliponyimwa, alimleta mganga anayezungumza na wafu.

Mganga alikaa sebuleni, akafumba macho, akatetemeka. Ikatoka sauti nzito: "Mke wangu, mpe kaka yangu cherehani, nipumzike."

Wifi za mjane waliangua kilio. Mjane aliendelea kushona kola.

"Shemeji, umemsikia mwenyewe?" kaka wa marehemu akamuuliza.

"Nimemsikia. Hebu rudia, mume wangu."

Sauti ikarudia yote, bila kukwama popote.

Mjane akasimamisha cherehani. "Miaka kumi na tisa nimeishi na mwenye kigugumizi. Akianza kuniita nimpe chai, maji yanachemka hajamaliza jina langu. Leo anatiririka hivi? Kama kaburini wanatibu, shemeji, nenda nawe ukatibiwe tamaa."

Wifi mdogo akacheka machozi yakimtoka. Mganga alifumbua macho, akaomba maji ya kunywa.

Cherehani bado iko dirishani pale pale. Shemeji akitaka kupunguza suruali, hupanga foleni kama wengine.