Shangazi Aliyejaa Oda

Shangazi yangu anashona mapazia, na anajua kuyashona; hilo halibishaniwi hata na wifi yake, ambaye hubishana hadi na redio. Miaka mingi alishona kwenye karakana ya huyo wifi, akilipwa maneno mengi na pesa kiduchu. Alipopanga chumba chake mwenyewe na kukiwekea cherehani mbili, wifi alimwambia mbele ya wafanyakazi wote, "Nenda, nenda. Utarudi tu." Tangu siku hiyo shangazi hana ombi jingine duniani ila asirudi.

Ndipo akajiunga na kundi la wajasiriamali kwenye simu, maana msimamizi wake hugawa kazi kwa wanaoonekana wako vizuri. Mwanzoni majigambo yalikuwa ya kitoto: mtu anatandaza noti kitandani, anapiga picha. Shangazi hakuwa na noti za kufunika hata mto. Alipozipata, akazipiga picha, wakamcheka. Noti zilishapitwa, watu walikuwa kwenye magari. Kisha zikaja ofisi zenye viti vya kuzunguka. Shangazi akanunua kiti. Kilizunguka nusu, kikakwama kikitazama choo.

Siku hizi matajiri wa kundi wamekuwa watu wa amani. Pesa hawazitaji kabisa. Mtu anaweka picha ya miguu yake kwenye nyasi na kuandika, "Asanteni wateja, nimejaa, sipokei oda hadi mwezi ujao." Sasa wanaringia kukataa kazi.

"Na mimi naandika nimejaa," shangazi akaniambia.

"Umejaa nini, shangazi? Upepo?"

"Koma wewe! Nikisema sina kazi, nani atanipa? Watu humkimbilia asiyepatikana."

Cherehani zote mbili zilikuwa zimefunikwa kwa shuka kama wagonjwa. Tukatafuta nyasi mtaa mzima, tukazipata mbele ya duka la dawa. Akavua viatu, nikapiga picha, mlinzi akitutazama kwa huruma. Pongezi zilimiminika hadi simu ikaishiwa chaji.

Kesho yake msimamizi akapiga, shangazi akaweka sauti ya juu nami nisikie.

"Dada, hongera! Kuna nyumba ya wageni inafunguliwa, vyumba vyote vinataka mapazia. Nilikuwa nimekuwekea wewe. Bahati nzuri nikaona ujumbe wako kabla sijakusumbua. Nimempa yule mama wa karakana kubwa, kumbe ni wifi yako!"

Nikampungia mikono kama naongoza magari. Mwambie! Mwambie una nafasi! Shangazi alinitazama, akafumba macho. Akisema ana nafasi, basi alidanganya, na kundi lote litajua kabla ya chakula cha mchana.

"Umefanya vizuri, kaka," akasema. "Kwa kweli nisingeweza."

Jioni wifi naye akapiga, sauti tamu kama ya muuza bima. "Wifi, najua umejaa, lakini kazi imenizidi. Ukipata mwanya, njoo unipindie mapindo."

Shangazi alikaa na cherehani zake zilizofunikwa wiki mbili nyingine. Halafu akaenda.

Kile chumba sasa anacho kinyozi. Kundini bado wanamuuliza siri ya kujaa hivyo, naye huwajibu akiwa mapumzikoni kwenye karakana ya wifi, uzi umemganda kwenye nywele: "Nidhamu tu, wapendwa."